Mvua Ikinyesha Spidi Inapunguzwa Kabla: Mwongozo wa Kuzuia Gari Kuteleza

Msimu wa mvua ukianza habari ni zilezile, gari limeacha njia, lori limelala, pikipiki imeserereka, na ukiuliza imekuwaje unaambiwa barabara ilikuwa inateleza. Sawa, ilikuwa inateleza, lakini iliteleza kwa kila aliyepita pale siku hiyo na wengi walifika salama. Kilichotofautiana mara nyingi ni mwendo, na sio mwendo wa pale alipoteleza, ni mwendo aliokuja nao. Ndo maana mwongozo huu wote unazunguka jambo moja tu: kwenye maji spidi unaipunguza kabla, yaani kabla ya kona, kabla ya dimbwi, kabla ya mteremko, kwa sababu ukishaingia ndani yake karibu kila kitu utakachofanya kwa haraka kitaongeza tatizo badala ya kulipunguza.

Wenye gari ndogo, lori, basi na pikipiki wote wamo humu, na mwishoni nimeweka sehemu ya barabara yenyewe maana sio kila ajali ya mvua inaanzia kwa dereva.

Kabla ya hatua zenyewe, elewa kinachotokea chini ya tairi

Gari lako limeshika barabara kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja ukubwa wake kama kiganja cha mkono. Hivyo vipande vinne ndo vinavuta gari, ndo vinalisimamisha, ndo vinalikatisha kona, na mshiko unaotumika kwa kazi zote hizo ni uleule mmoja, haujagawanywa mafungu. Ukiumaliza wote kwenye breki hakuna unaobaki wa kukata kona. Ukiumaliza kwenye kona, ukigusa breki kidogo tu gari linaondoka. Lami ikiwa kavu mshiko ni mwingi, hata ukichanganya breki na kona gari linavumilia, na hapo ndo watu wanapozoea vibaya, mtu anaamini gari lake ni zuri sana kumbe lami kavu ndo ilikuwa inambeba siku zote.

Lami ikilowa hesabu inabadilika. Kwenye hesabu za breki lami kavu nzuri hupewa mshiko wa kama 0.7 (yaani nguvu ya kushika ikilinganishwa na uzito wa gari), ikilowa unashuka hadi kama 0.4, na lami iliyosuguliwa na magari mpaka ikawa laini inashuka chini zaidi ya hapo. Sasa tuchukue dereva aliye macho ambaye kutoka anapoona hatari mpaka mguu unakanyaga breki anatumia sekunde moja na nusu. Akiwa kwenye kilomita 50 kwa saa atasimama ndani ya mita 35 hivi pakavu, na 45 pakilowa. Kwenye 80 ni mita 69 pakavu na 96 pakilowa. Kwenye 100 ni mita 98 pakavu, na pakilowa ni kama 140. Angalia jinsi pengo linavyopanuka kadiri spidi inavyopanda, ni kwa sababu umbali wa breki haupandi sawasawa na spidi, spidi ikiwa mara mbili umbali wa breki unakuwa mara nne.

Tuweke gari mbili sambamba kwenye lami iliyolowa, moja 80 nyingine 100, mbele kuna lori limekwama na madereva wote wawili wanaliona kwa wakati mmoja na wanakanyaga breki kwa wakati mmoja. Wa 80 anasimama baada ya mita 96. Wa 100 akifika palepale mwenzie aliposimama bado anakimbia kama kilomita 67 kwa saa. Mtu aliyeona kilomita 20 za ziada ni kitu kidogo ajue hiyo 20 inarudi mwishoni ikiwa 67, na inarudi pale palipo na bampa ya mwingine au mguu wa mtembea kwa miguu. Shirika la Afya Duniani nalo linasema spidi ya wastani ikipanda kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali zenye vifo inapanda kwa kama asilimia 4.

Halafu kuna kuteleza kwa aina mbili na watu wanavichanganya. Aina ya kwanza mpira bado unagusa lami ila mshiko hautoshi kwa unachokidai, hii inatokea hata kwenye unyevu mdogo. Aina ya pili ni kuelea: maji yamekuwa mengi kuliko tairi linavyoweza kuyasukuma pembeni, yanajikusanya mbele yake, yanapenya chini na kulinyanyua, mpira haugusi lami tena. Hapo usukani unakuwa mwepesi ghafla mikononi, mlio wa maji chini ya gari unabadilika, na injini inaweza kupandisha mlio bila wewe kuongeza mafuta kwa sababu tairi zinazovuta zinazunguka bure.

Mwaka 1963 watafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, waliokuwa wanachunguza ndege zinazoteleza kwenye njia za kutua walitoa kanuni ambayo mpaka leo inatumika: chukua presha ya tairi kwa psi, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 16.7, jibu ni spidi ya kuanza kuelea kwa kilomita kwa saa. Tairi la psi 32 linakupa kama 94. Likishuka hadi 25 ni 83. Likiwa 20 ni 75 hivi. Kanuni hiyo ilitokana na tairi za ndege na maji yaliyozidi uwezo wa kashata (ile michongo ya tairi), gari dogo lenye tairi pana na kipara linaweza kuelea chini ya hapo, kwa hiyo usiisome kana kwamba umepewa ruhusa ya kwenda 90. Kinachotakiwa kukaa kichwani ni kwamba upepo ukipungua kwenye tairi spidi ya kuelea nayo inashuka.

Hatua ya 1: Tairi, na hapa usiwe na haraka

Inama kabisa, tairi halikaguliwi umesimama mikono mfukoni. Tairi jipya la gari dogo huwa na kashata za kina cha kama milimita 8, na sheria ya nchi nyingi, zikiwemo za Umoja wa Ulaya, inasema zisishuke chini ya milimita 1.6. Ndani ya mifereji mikubwa ya tairi kuna vinundu vidogo vya mpira vimelala katikati ya mfereji, ukiona kashata zimelika mpaka zimelingana na hivyo vinundu ujue umefika kwenye 1.6, tairi limekwisha. Lakini kwa msimu wa mvua mimi nasema usisubiri hapo, ikifika milimita 3 anza kutafuta lingine, maana kazi ya ile mifereji ni kutoa maji na mfereji mfupi unatoa maji machache, hakuna ujanja mwingine.

Pitisha kidole gumba upana wote wa tairi, kutoka ukingo wa nje mpaka wa ndani. Ukingo wa ndani ndo unaodanganya watu, ukitazama kwa nje tairi linaonekana zima kumbe ndani limeshatoa nyuzi kwa sababu alaimenti imekaa vibaya. Kata usukani mpaka mwisho upande mmoja, toka, tazama, halafu kata upande wa pili urudie. Za nyuma itabidi uchungulie chini kwa tochi. Ukiona limelika katikati zaidi limekuwa likijazwa upepo kupita kiasi, likilika kingo zote mbili limekuwa likitembea na upepo mdogo.

Umri nao. Kwenye ubavu wa tairi kuna namba nne zimefungiwa ndani ya umbo kama yai, 2319 kwa mfano maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira ukizeeka unakuwa mgumu, na mpira mgumu haushiki lami iliyolowa hata kama kashata bado ni ndefu, kwa hiyo tairi lililokaa stoo miaka mingi na kuuzwa kama jipya sio jipya. Likipita miaka mitano likaguliwe kila mwaka na watengenezaji wengi hawataki livuke kumi.

Upepo upimwe tairi likiwa la baridi, yaani kabla hujatembea, na kipimo sahihi kimeandikwa kwenye stika iliyo kwenye fremu ya mlango wa dereva au kwenye kitabu cha gari. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kiwango cha juu ambacho tairi linabeba, sio cha gari lako, na huu ni mkanganyiko mkubwa sana. Tairi zima linapoteza kama psi 1 kila mwezi lenyewe tu bila pancha.

Na ukinunua tairi mbili tu, zifungwe NYUMA. Mafundi wengi watakubishia, watasema gari linavuta kwa mbele weka mpya mbele. Shikilia msimamo wako. Tairi za mbele zikipoteza mshiko gari linagoma kukata kona na dereva wa kawaida anaachia mafuta bila kufundishwa, gari linapungua na kurudi. Za nyuma zikipoteza mshiko gari linazunguka, na kuliokoa kunahitaji mikono ambayo wengi wetu hatuna.

Mengine haraka haraka: shokapu zilizokufa zinafanya tairi lirukeruke na kila likiruka halishiki, waipa zinazoacha mistari badilisha, kioo safisha na kwa ndani pia, taa ziwake zote hasa za breki.

Hatua ya 2: Chagua spidi kichwani ukiwa bado pakavu

Vitabu vya kufundishia madereva wa lori Marekani vinasema barabara ikilowa punguza theluthi moja ya spidi yako. Ni kanuni nzuri na nyepesi kukumbuka, kama sehemu hiyo kwa kawaida unakwenda 90 basi ni 60. Ufaransa wameliweka kwenye sheria kabisa, barabara kuu za mwendo kasi ambazo pakavu ni 130 mvua ikinyesha kikomo kinashuka hadi 110, na kama huoni zaidi ya mita 50 mbele kikomo ni 50 barabara zote. Kibao cha spidi cha kawaida kimewekwa kwa hali nzuri ya hewa, mvua ikianza kile kibao sio lengo tena.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu ipe heshima ya pekee. Barabara iliyokaa siku nyingi bila kuoshwa imejaa matone ya oili, vumbi la mpira na udongo, na manyunyu ya mwanzo hayatoshi kuviosha, yanavichanganya tu vikawa utelezi. Watu wanaogopa mvua kubwa ya kishindo na hawaogopi manyunyu, wakati manyunyu ndo yanawakuta bado wana spidi ya jua.

Zima kruzi kontroli, ule mfumo unaoshikilia spidi wenyewe. Ikiwa imewashwa, gari likigusa maji na kupungua mwendo yenyewe inaongeza mafuta, wakati wewe ulitakiwa kuyatoa, na mguu wako uko mbali umepumzika.

Kuhusu ABS na ule mfumo wa kudhibiti gari lisiache njia, ni vitu vizuri sana na kama gari linavyo usivizime. ABS inazuia tairi kufunga ili uweze kuendelea kukata usukani huku umekanyaga breki. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoongeza mshiko kwenye lami, vinagawa vizuri ule uliopo, na kama ulikuja na spidi inayodai zaidi ya uliopo vitagawa kidogo kilichopo na bado utatoka nje.

Hatua ya 3: Nafasi na gari la mbele

Pakavu sekunde mbili, pakilowa sekunde nne, na ukiwa na mzigo ongeza. Jinsi ya kuhesabu: gari la mbele likipita nguzo au kibao anza kusema elfu moja na moja, elfu moja na mbili, mpaka elfu moja na nne, kama umefika kwenye ile nguzo kabla hujamaliza uko karibu mno. Kuna mtu atakuchomekea hapo katikati, ndio, atachomeka, wewe rudi nyuma tena utengeneze nne nyingine, utakuwa umepoteza sekunde chache tu mpaka unafika.

Pita kwenye alama za tairi za gari la mbele, pale maji yameshasukumwa pembeni. Ila barabara ambayo malori yameichimba mifereji miwili ya tairi ni kinyume chake, ile mifereji ndo inajaa maji, hapo sogea kidogo ndani ya njia yako ukae nje ya mifereji kama upana unaruhusu.

Hatua ya 4: Kona

Nchini Marekani idara ya barabara kuu inasema kiwango cha ajali kwenye kona ni kama mara tatu ya sehemu nyingine za barabara, na kona iliyolowa ndo inaonyesha wazi hesabu ya ule mshiko mmoja. Chukua kona ya nusu kipenyo mita 100 ambayo haina mwinamo wa kusaidia. Ukiingia na 60 unadai mshiko wa kama 0.28, lami iliyolowa inao 0.4, umepita na akiba imebaki. Ukiingia na 70 unadai kama 0.39, uko ukingoni kabisa, mtoto akitokea mbele huna cha kufunga breki. Ukiingia na 80 unadai 0.5 na hiyo 0.5 haipo. Haijalishi wewe ni dereva wa miaka mingapi, haipo.

Kwa hiyo mpangilio ni huu. Breki zote zifanyike gari likiwa limenyooka, kabla usukani haujaanza kukatwa. Gia ishushwe hapohapo, sio katikati ya kona, maana kuachia klachi ghafla tairi zinazovuta zinaweza kufunga kama umepiga breki. Ingia ukiwa umeshaachia breki, shikilia mafuta kidogo sana ya kulifanya gari lisivute wala lisizuie, tazama mbali mpaka unapotaka kutokea, na usiongeze mafuta mpaka usukani unapoanza kurudi. Kama umeingia na ukahisi bado ni spidi kubwa, toa mguu kwenye mafuta polepole na endelea kukata taratibu. Kinachoua ni kuachia mafuta ghafla na kukandamiza breki kwa pamoja katikati ya kona, uzito wote unahamia mbele, nyuma panakuwa pepesi, mkia unakuja kukusalimia dirishani.

Kona inayoteremka ipunguze zaidi, na kona inayozidi kujikunja kadiri unavyoingia, ile ambayo mwisho wake huuoni, iingie kama vile ni mbaya kuliko inavyoonekana.

Hatua ya 5: Madimbwi

Ukiliona dimbwi mbele punguza kabla, lifikie na usukani ukiwa umenyooka na mguu haupo kwenye breki. Kama tairi za upande mmoja tu ndo zitapita kwenye maji, shika usukani kwa mikono miwili kwa nguvu maana litavutwa upande huo. Usiku maji meusi juu ya lami nyeusi hayaonekani, dalili ni kwamba mistari ya barabara inakatika ghafla mbele au taa za wenzako zinaakisi pasipotarajiwa. Ukishatoka kwenye maji marefu gusa breki taratibu mara kadhaa zikauke, hasa za ngoma, usije ukazihitaji mbele ukazikuta zimelowa.

Maji yanayotembea kukatiza barabara usiyaingie. Sentimita 30 zinaweza kulielesha gari dogo na sentimita 60 zinabeba magari mengi yakiwemo yale makubwa ya juu, na chini yake hujui kama barabara bado ipo.

Hatua ya 6: Limeshateleza, ufanye nini

Soma hii sasa hivi na urudie kichwani, maana siku yenyewe haitakuwa na muda wa kufikiri.

Likielea kwenye maji: toa mguu kwenye mafuta taratibu, usukani unyooke, usiguse breki, usishushe gia. Subiri. Ni sekunde moja au mbili ingawa zitaonekana ndefu, gari likipungua mwendo tairi zinagusa tena. Hatari kubwa ni kwamba wakati linaelea mtu anakata usukani, haoni matokeo, anakata zaidi, halafu tairi zikishika lami ghafla zikiwa zimepinda gari linarushwa upande.

Mbele kukigoma kukata kona: kosa la kila mtu ni kuongeza kukata. Fanya kinyume, legeza usukani kidogo, toa mafuta taratibu, mshiko ukirudi kata tena.

Nyuma kukiondoka: macho yaende unakotaka gari liende, sio kwenye mti. Toa mafuta, usikanyage breki, na geuza usukani upande uleule ambao mkia unakimbilia. Mkia ukienda kulia usukani kulia. Halafu uwe tayari kuurudisha haraka, kwa sababu gari likinyooka linaweza kupitiliza upande wa pili, na wengi wanaoanguka wanaangushwa na huo mtelezo wa pili.

Breki zikifunga na gari linateleza moja kwa moja: kama gari lina ABS kanyaga kwa nguvu zote na ushikilie, pedali itatetemeka na kugonga mguu wako, ni kawaida, usiachie, kata usukani ukwepe. Kama halina, legeza kidogo mpaka tairi zizunguke tena kisha kanyaga tena, legeza kanyaga, kwa sababu tairi lililofunga halisikilizi usukani kabisa.

Lori, basi na pikipiki

Lori tupu linateleza kirahisi kuliko lenye mzigo, watu hawaamini lakini uzito ndo unaosaidia tairi kukata maji, na breki zake zimepangwa kwa ajili ya mzigo ambao haupo. Retada (kifaa cha kupunguza mwendo bila breki za kawaida) au breki ya injini kwenye lami iliyolowa izime au itumie kiwango cha chini, hasa ukiwa tupu, inafunga tairi za kichwa tu, trela linaendelea kusukuma, vinakunjana. Mteremko ushuke kwa gia ndogo uliyoichagua juu kabla hujaanza kushuka.

Kwa pikipiki, mistari ya rangi, mifuniko ya chuma, reli na mabaka ya oili yanakuwa utelezi mtupu yakilowa, yapite pikipiki ikiwa imesimama wima, bila breki na bila kuongeza mafuta. Tumia breki zote mbili, bana ya mbele taratibu kwanza uzito uhamie mbele ndo uongeze nguvu. Katikati ya njia kwenye makutano ndipo magari yanaposimama na kudondosha oili, simama kwenye mkondo wa tairi. Na abiria ambaye hajui ainame na wewe kwenye kona, mwambie kabla hamjaondoka, sio mkiwa mwendoni.

Hatua ya 7: Barabara yenyewe

Ukiona sehemu moja magari yanaanguka kila mvua ikinyesha, usiishie kusema pana mkosi. Pana sababu, na mara nyingi inaonekana kwa macho. Lami nzuri ina ukwaruzo wa aina mbili, ule mdogo sana wa uso wa kokoto unaoshika mpira, na ule mkubwa wa nafasi kati ya kokoto unaoyapa maji pa kwenda. Kokoto zikisuguliwa kwa miaka zinang'aa, au bitumeni, ile gundi nyeusi ya lami, inapanda juu wakati wa joto na kufunika kokoto, ukipita unaona kioo cheusi kwenye njia za tairi. Barabara pia inatakiwa iwe na mwinamo wa upande, kama asilimia 2 hadi 2.5 sehemu zilizonyooka, ili maji yatoke. Na kuna kitu kidogo ambacho nakiona kinapuuzwa sana, udongo na nyasi za pembeni zinapanda mwaka hadi mwaka mpaka zinakuwa juu kuliko lami, maji yanakosa pa kutokea yanabaki barabarani hata kama mtaro upo na umezibuliwa.

Dawa zipo za kila bei. Kukwangua ule udongo wa pembeni na kuzibua mitaro ni kazi ya majembe. Vibao vya mishale kwenye kona, kibao cha spidi inayoshauriwa, mistari ya kukatiza inayomfanya dereva ahisi anakimbia, hivyo navyo sio gharama kubwa. Sehemu sugu wahandisi wanakwaruza lami au kuikata vimfereji, njia ambayo NASA waliijaribu kwenye njia za ndege miaka ya 1960, au wanamwaga tabaka jembamba la gundi maalum na juu yake punje za boksiti iliyochomwa, aina ya jiwe gumu, ambayo haisuguliki kirahisi.

Ukiripoti kwa mamlaka ya barabara usiandike tu kwamba barabara ni mbaya. Andika kona ipi, mita ngapi kutoka daraja au kibao gani, magari yanatoka upande gani, wakati wa mvua au baada ya mvua, piga picha ya alama za tairi, kingo zilizogongwa, na maji yaliyosimama, na uombe kitu kinachotajika: mtaro uzibuliwe, ukingo ukwanguliwe, mishale iwekwe, lami ipimwe utelezi. Wapatie nakala na wanaoishi karibu na hiyo kona maana wao wameona ajali nyingi kuliko ripoti yoyote. Mvua kubwa ikinyesha tena rudi, simama mbali na njia, upige picha kutoka palepale ulipopigia ya kwanza, uwatumie zote mbili pamoja.